Taya Yangu Haikuachwa Katikati ya Njia

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa kanisa letu la Manika! Semeni Amina, halafu nitazameni mdomo. Msiangalie chini, nitazameni tu, mimi sioni haya. Mchungaji amenipa nafasi fupi, lakini yeye ananijua, na ninyi mnanijua: Mama Kapinga akishika mikro aanze kusema, sombe ya majani ya muhogo inaungulia jikoni. Leo na iungue.

Baadhi yenu mnanifahamu tangu tulipokaa kwenye nyumba za kompanyi, baba yangu Kalala akiwa mwendesha kreni kule mgodini. Baba ni mtu wa Kasai. Babu yangu ndiye aliyeletwa huku na Wazungu kuchimba shaba, lakini baba alizaliwa hapa hapa Kolwezi, wala njia ya kwenda kwao hakuijua. Mama yangu ni Muluba wa Katanga, wa upande wa kaskazini. Na mimi nilizaliwa na taya ya chini iliyoutangulia uso wangu.

Ndugu zangu, msicheke, au chekeni kidogo tu. Meno yangu ya chini yalikuwa mbele, ya juu yalikuwa nyuma yake. Mkate sikuweza kuukata kwa meno ya mbele. Hindi la kuchoma nililipukuchua kwa vidole, punje moja moja, wenzangu wakiwa wameshamaliza na kutupa gunzi. Nyama niliimeza karibu nzima, tumbo likalalamika. Nikisoma kwa sauti darasani, mate yananitoka. Watoto waliniita Pele, jina la zile mashine za mgodini zinazochota udongo kwa mdomo wa chini. Hata mwalimu alisahau jina langu, akaniita Pele mbele ya mkaguzi!

Majirani walimwambia mama kwamba alipokuwa na mimba yangu alimcheka mtu mwenye kilema. Mama yangu! Mama ambaye hata vichekesho vya redio havimchekeshi! Lakini maneno ya watu yanaingia mfupani. Mama alifunga, akaomba, akanipeleka kwenye kila kikundi cha maombi kilichosikika mjini. Waliniwekea mikono kichwani, walinipaka mafuta kidevuni. Na mimi kila asubuhi nilikwenda kwenye kioo kuangalia kama taya imerudi. Haikurudi.

Ndipo Bwana alipomleta Masera Lutgarde, sista Mbelgiji, daktari wa meno kwenye zahanati ya misheni. Alikuja kuchunguza meno ya wanafunzi shuleni. Wote aliwaangalia upesi upesi, lakini aliponifikia mimi, akakaa. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. Siku hiyo hiyo alimwita baba.

Masera alisema Kiswahili cha katekisimu, kimenyooka kama rula. Alimwambia baba, akimwita Tata kama nilivyomwita mimi: "Tata Kalala, waya peke yake itamdanganya mtoto huyu. Nikivuta meno tu, yatakutana kwa nguvu, watu watapiga makofi, lakini taya itabaki pahali pake na meno yatalegea. Na kisu peke yake kitamdanganya vilevile. Tukikata taya leo na kuirudisha, meno yatagongana ovyo. Lazima vyote viwili: waya kwanza, halafu kisu, halafu waya tena kidogo."

Baba akauliza kwa nini waya itangulie. Masera akaeleza, na mimi nakumbuka kama jana. Alisema tangu utotoni meno yangu yalikuwa yakificha kosa la taya. Ya chini yalilala kuelekea ndani, ya juu yaliegemea nje, yakitafutana. Kazi ya waya ni kuyasimamisha wima, kila jino juu ya mfupa wake. Yakishasimama, kosa lote litaonekana wazi, na hapo mpasuaji ataweza kuirudisha taya nyuma na meno yakae pamoja. Rafiki yake mmoja, mpasuaji wa taya, alikuwa Lubumbashi. Kisha Masera akanigeukia. "Kapinga, utakuwa mbaya zaidi kwanza. Nakuambia sasa ili usinichukie baadaye."

Nilisema sawa. Mtoto hajui anachokubali!

Ndugu zangu, nilimchukia. Waya zilivuta, kichwa chote kikauma. Na kila mwezi taya ilizidi kwenda mbele, au ndivyo ilivyoonekana. Zamani nilikuwa angalau ninakutanisha meno machache ya pembeni. Sasa nilikutanisha magego ya mwisho peke yake. Ulimi ukawa unapita katikati kama kwenye mlango usio na bawaba. Kwenye kwaya nilihamishiwa nyuma. Shangazi yangu aliniangalia akasema, "Ayi! Uyu Muzungu anamuharibu mutoto wa batu!" Nami nilimwambia Mungu waziwazi: Bwana, nilikuomba unirudishe nyuma, mbona unanipeleka mbele?

Lakini Masera alifurahi! Kila akinitazama anasema, "Vizuri sana, Kapinga, sasa kosa linaonekana." Mwishowe aliweka waya nene ya kushikilia, yenye ndoano ndogo ndogo zilizochomoza juu na chini. Ndoano hizo ni za siku ya upasuaji, za kufungia taya mbili pamoja. Akasema, "Kazi ya kwanza imekwisha. Sasa tunamngojea rafiki yangu."

Na wakati huo huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nchi ikavunjika.

Nani hapa hakumbuki? Mgodi mkubwa ulibomoka chini, kompanyi ikaanza kuyumba, mishahara ikachelewa, kisha ikawa hadithi. Wanajeshi wakapora, watu wakapora nyuma yao. Wazungu wakaondolewa kwa ndege. Mpasuaji wa Lubumbashi akaenda. Masera naye aliamriwa aende. Alikuja kwetu kwa miguu, uso mwekundu, mkononi kifurushi cha kitambaa. Ndani yake kulikuwa na taya zangu mbili za plasta nyeupe, alizozitengeneza kwa kuchukua alama ya meno yangu. Akaniambia, "Usimruhusu mtu yeyote kuondoa waya kabla ya kisu. Mpasuaji wa taya akiona plasta hii, ataelewa kazi imefika wapi." Akanibusu kwenye kidevu hiki. Akalia, mama yangu akalia, na mimi nikabaki katikati ya njia, kinywa wazi.

Halafu yakaja yale mengine. Mnayajua, na sitayapamba. Wenyeji wa Katanga wakatugeukia watu wa Kasai, tukaitwa bilulu, wadudu. Vijana walipita mitaani wakipiga filimbi na kuimba kwamba bilulu warudi kwao. Baba aliondolewa kazini na mtu ambaye baba mwenyewe alimfundisha kreni. Jirani tuliyekula naye Krismasi alikuja kupima madirisha yetu, kuona kama mapazia yake yatatosha.

Mjomba Ilunga, kaka ya mama yangu, alinipenda sana. Alikuja akanikalisha chini. "Mwipwa wangu, we bakia kwangu," akasema. "Bakikuuliza, sema uko mutoto yangu. Mama yako njo dada yangu, nani atabisha? Bitu bikitulia, ule munganga wa taya atarudia Lubumbashi, nitakupeleka mi mwenyewe. Ukienda Kasai na ile kinywa, nani atakutengeneza kule?"

Ndugu zangu, mjomba hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli! Kasai sikujua mtu, na lugha yao niliisema kwa kigugumizi. Na kinywa changu kilikuwa kimefunguliwa kwa kusudi, kama nyumba iliyoezuliwa bati ili iwekwe jipya, halafu mafundi wakakimbia. Nilitaka kufunga kinywa, jamani! Nilitaka kutafuna! Nilitaka kuimba mstari wa mbele! Na bei yake ilikuwa neno moja tu, kusema kwamba mimi si mtoto wa Kalala.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akasema, "Bakia, Kapinga. Mi sitakasirika." Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anafunga kamba ya godoro. Fundo lile lile akalifungua, akalifunga tena.

Nikasimama. Nikamwambia mjomba aksanti, Mungu ambariki, lakini mimi ni mtoto wa baba yangu, na baba yangu anakwenda. Mama naye angeweza kubaki kwa ndugu zake. Alikuwa ameshafunga masufuria.

Tulikwenda gare, stesheni ya treni, tukakuta watu wamejaa kama mchanga. Tulikaa huko chini ya bashi, maturubai yaliyotoboka, tukingoja treni, na treni haiji. Mvua inaingia, vyoo hakuna. Kisha surua ikaingia kwa watoto. Kila siku kilio upande huu, kilio upande ule. Mama mmoja aliyelala karibu nasi alipoteza mwanawe, na watu wakaanza kutafuta sababu. Mnatujua, ndugu zangu. Mtoto akifa, hatuulizi ni ugonjwa gani, tunauliza ni nani.

Alikuwepo mwanamke aliyeongoza maombi pale gare, Mama Odile, Mkasai mwenzetu, mpana wa mabega, sauti ya tarumbeta. Siku hiyo mvua ilitulowesha, mama yangu akafungua valizi kuanika nguo juani. Kifurushi kikaanguka, kitambaa kikafunguka. Taya mbili nyeupe zikabingirika kwenye tope mbele ya watu wote!

Mama Odile akapiga kelele: "Angalieni! Aba batu biko na mifupa ya mufu mu valizi! Na ule mutoto iko na ndoano mu kinywa! Njo maana batoto banakufa!"

Ndugu zangu, kabla sijasema kitu, nilishikwa. Wanawake wa maombi walinikalisha chini, mmoja kichwa, wengine mikono, wakikemea kwa jina la Yesu, na naamini walimaanisha. Mtu akatokea na koleo, koleo la kukatia nyaya za umeme, akampa Mama Odile. Baba alizuiwa na wanaume. Mama alipiga yowe. Nami nikaliona lile koleo linakuja. Ningemng'ata mtu siku hiyo, kweli ningemng'ata, lakini ndilo jambo ambalo sikuweza kabisa!

Hapo nilimwita Bwana. Sikumwomba kwa maneno mazuri. Nilisema moyoni: Yesu, si katikati! Usiniache katikati!

Na moyo wangu ukatulia ghafla, sijui mpaka leo ni namna gani. Nikaacha kupigana. Nikamwambia polepole, "Mama Odile, we mutu ya maombi. Mbele ya kukata, angalia kwanza. Leta ile mifupa hapa." Labda ule utulivu ndio uliomshtua. Akasema waniachie mkono. Nikaiokota taya ya chini ya plasta, nikaifuta tope kwa nguo yangu, nikaiweka pembeni ya shavu, nikapanua kinywa.

"Hili jino limevunjika kona, nilianguka ku bomba ya mayi. Tia kidole. Sasa tia kidole huku." Akatia. Kona ile ile. "Hili ni fupi kidogo kuliko mwenzake. Angalia huku." Akaangalia. Kidole chake kilikuwa kinapita kwenye jino langu, kinarudi kwenye plasta, kinarudi tena kwangu.

"Eh! Yesu wangu!" akasema. "Ni kinywa chake mwenyewe!"

Nikamweleza kila kitu, Masera, waya, ndoano, kisu kinachongojwa. Koleo likaanguka. Mama Odile akapiga magoti kwenye tope, mwanamke mkubwa vile, akalia kwa sauti. Kisha akainuka, akawageukia watu kana kwamba wao ndio waliokosea: "Munaangalia nini? Leteni mayi safi, tuoshe meno ya mutoto!"

Haleluya! Tangu saa ile alizichukua taya zangu yeye. Akazifunga ndani ya kikwembe chake, kitenge cha kujifunga kiunoni, akazibeba mgongoni kama mtoto mchanga. Treni ilipokuja, watu wakikanyagana, watu wakipanda juu ya mabehewa, yeye alipita katikati akisema, "Pisheni, niko na mutoto!" Alizibeba safari yote ile mbaya, safari ambamo tuliwazika watu kando ya reli. Hazikuvunjika hata ncha ya jino. Mwanamke aliyetaka kunikatia waya ndiye ambaye Bwana alimteua azilinde taya zangu. Nani hupanga mambo namna hiyo?

Kasai walitupokea wakatuita watu wa Katanga. Ndiyo! Huku bilulu, kule wageni. Tulijenga vibanda vya udongo, tukaanza kulima. Nikazunguka na plasta zangu mpaka hospitali ya misheni, nikamkuta mpasuaji, Munganga Bernard, mtu mfupi, mkali, si mtu wa kanisa sana. Akatazama kinywa changu, akasema, "Mimi natengeneza taya zilizovunjwa na ulevi na malori. Taya nzima sijavunja hata moja." Nikamwekea plasta mezani. Akazishika. Akazikutanisha, akazitelezesha, ya chini nyuma kidogo, nyuma tena kidogo, mpaka meno yakakaa pamoja, ya juu yakiyafunika ya chini kila upande. "Aliyefanya hii waya," akasema, "amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki, nilipokuwa mwanafunzi nilishika taa mwalimu wangu akiifanya."

Hakukimbilia kisu. Alikata ile plasta kwanza, kwa msumeno mdogo, mbele yangu, akaiunga tena kwa nta, akajifunza kwenye plasta kile atakachokifanya kwenye mfupa. Aliniambia ukweli pia, kwamba mdomo unaweza kubaki na ganzi, kwamba taya inaweza kujaribu kurudi mbele, kwamba damu inaweza kutoka nyingi. Nikamwambia, "Munganga, wewe kata, mimi nitaomba kwa ajili yetu sote wawili." Akacheka kwa mara ya kwanza.

Akakata, ndugu zangu! Akaingilia ndani ya kinywa, pande zote mbili, akairudisha taya nyuma. Akatumia zile ndoano, akafunga taya ya juu na ya chini kwa waya, meno juu ya meno. Nikaamka nimefungwa kinywa, uso umevimba kama andazi. Majuma yakapita sisemi, ninakunywa uji mwepesi kwa mrija. Mama Odile aliuchuja mwenyewe kwa kitambaa, na kila siku alinisimulia mahubiri marefu akijua siwezi kumkatiza!

Siku ya kufunguliwa, baba alikuja. Alikuwa amekonda, kilimo hakikumjua, mikono yake ilikuwa ya kreni. Munganga akakata waya ya mwisho ya kufungia, akasema, "Fungua." Nikafungua, kidogo tu, taya imekakamaa. "Funga." Nikafunga. Meno yakakutana. Yote! Mbele na nyuma, kulia na kushoto! Sikuwahi kujua kwamba meno yakikutana yanatoa mlio mdogo kichwani. Nikafungua tena nikafunga, nikafungua nikafunga, kama mtoto na mlango mpya.

Baba akasema, "Sema kitu, Kapinga."

Nikasema, "Tata."

Ndilo neno la kwanza kinywa hiki kilicholisema kilipofunguliwa. Baba aligeukia ukuta, mabega yakatikisika. Nami nikasema tena, nikasema tena, mpaka Munganga akatoka nje akidai ana mgonjwa mwingine.

Waya ndogo zilibaki miezi mingine kuyaweka meno sawa kabisa, kama Masera alivyosema, kisha zikatolewa. Sitawadanganya: mdomo wangu upande wa kushoto una ganzi mpaka leo. Mume wangu akinibusu upande huo, lazima anijulishe! Lakini natafuna. Nyama, muwa, karanga, hindi la kuchoma kutoka kwenye gunzi. Bwana asifiwe!

Baba hakurudi Kolwezi. Amelala Kasai, na Mama Odile naye. Mimi nilirudi na mume wangu nchi ilipotulia, na Manika mkanipokea. Baadhi yenu mlikuwa gare siku zile, upande wa wenye filimbi. Nawajua, tunaimba pamoja kwenye kwaya, na niliwasamehe zamani, kwa hiyo acheni kuangalia viatu.

Ila nina neno kwa mama mmoja aliye humu ndani, aliyenifuata juma lililopita akilia. Mwanawe amewekewa waya kusudi taya ikatwe baadaye, na sasa meno hayakutani kabisa, na shangazi wanasema ameharibiwa, na yeye anataka ziondolewe. Mama, mtoto hajaharibika. Kosa linaonekana, basi. Kesho tutakwenda naye kwa daktari wa meno, mimi na wewe, na nitamshika mkono siku ya kisu.

Na wewe mwingine, uliye katikati ya jambo lako, umefunguliwa na hujafungwa, na mtu anakuja na njia fupi: mtegemee Bwana huyu. Anamaliza. Na yeyote atakayekuambia umkane baba yako ndipo upone, mwambie kwamba Kapinga wa Kalala alipanda treni na baba yake, na akapona.